Mlango Ulikuwa Upande Gani? Hotuba Kuhusu Kuhifadhi Kumbukumbu za Mikahawa Iliyotoweka

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Mkahawa ukifa hauachi kaburi. Meza hunadiwa, sufuria huhamia jiko jingine, bango hung'olewa, na mwezi haujaisha dirishani kumebandikwa karatasi ya kutafuta mpangaji. Kinachobaki ni makaratasi machache kwenye madroo ya watu, na watu wenyewe. Mwulize mtu mzima yeyote kuhusu mkahawa wa ujana wake, atakusimulia nusu saa bila kumeza mate. Mwulize ulifungwa mwaka gani: ubishi unaanza. Mwulize ulikuwa jengo lipi: ubishi unapamba moto. Utamu upo tele, anwani na tarehe hazipo, na simulizi isiyo na anwani wala tarehe haiwezi kuunganishwa na simulizi ya mtu mwingine. Jioni hii tuzungumzie hilo tu, kwa vitendo.

Kosa linaloharibu kazi nyingi hutokea siku ya kwanza kabisa: kudhani mkahawa ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu, na kila kimoja kina umri wake. Kuna jengo, kuna jina, kuna watu. Jina huvuka barabara likahamia jengo la pili. Jengo lile lile hubadilisha majina manne, na wateja wakaendelea kuliita kwa lile la kwanza. Mpishi huondoka na mkono wake, na ladha ambayo watu wanaapa ilikuwa ya mkahawa fulani, kumbe waliila miaka kumi baadaye kwingine kabisa. Basi usifungue ukurasa mmoja kwa kila mkahawa. Fungua kadi ya jengo, kadi ya jina na kadi ya mtu, kisha uziunganishe kwa namba. Kila kadi iwe na mwanzo, mwisho, na mstari wa tatu ambao wengi huusahau: umejuaje. "1958, kwa mujibu wa leseni" na "1958, kwa mujibu wa mhudumu wa zamani" ni tarehe mbili tofauti, hata kama tarakimu ni zile zile. Ukikosa mwaka, andika "kabla ya" au "baada ya". Mwaka wa kubahatisha ukishaandikwa kwa wino, hakuna anayeuhoji tena.

Mfano mzuri ni kampuni ya Lyons ya London. Ilifungua duka lake la kwanza la chai pale Piccadilly mwaka 1894, ikaongeza mengine mengi, na kuanzia 1909 ikawa na migahawa mikubwa ya ghorofa iliyoitwa Corner House, ambayo enzi yake iliisha mwaka 1977. Mtu akikwambia "nilikuwa nakula Lyons", hajakwambia alikuwa anakaa wapi. Tena kampuni hiyo ya chai na keki ndiyo iliyojiundia kompyuta, LEO, iliyoanza kufanya hesabu za biashara mwaka 1951, kwa sababu maagizo ya mikate na mishahara yalikuwa yamewazidi makarani. Wenye biashara ya namna hiyo huacha kumbukumbu nyingi. Mkahawa wa mlango mmoja huacha boksi moja, na mara nyingi hata hilo halipo. Kwa hiyo anza na watu. Karatasi itakungoja, mzee wa miaka 85 pengine hatakungoja.

Kwa msimulizi, usianze na swali la "unakumbuka nini?" Swali hilo humfanya mtu atoe yale aliyokwisha kuyasimulia mara mia, yaliyonyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi. Mpe karatasi ya A3 na penseli, mwambie aanze na mlango. Mlango ulikuwa upande gani wa barabara? Ukiingia, mkono wa kulia kuna nini? Kaunta ilianzia wapi, keshia alikaa wapi, chakula kilitokea tundu gani, choo kilikuwa nyuma au nje? Yeye mwenyewe alikaa meza ipi, na kwa nini si ile nyingine? Mtu akitembea chumbani kwa penseli, kumbukumbu humrudia kwa mpangilio wa miguu yake, na mambo ambayo hakujua kwamba anayajua hujitokeza. Hatua hii huchukua dakika 20 hadi 30. Kinasa sauti kiwe kimeshawashwa, maana maneno anayosema huku akichora mara nyingi ndiyo bora kuliko yote ya siku hiyo.

Kila mmoja achore karatasi yake, na asioneshwe ya mwenzake kabla hajamaliza. Utaona michoro miwili ambayo kaunta imekaa pande mbili tofauti. Kabla ya kumwita mmoja mwongo, angalia mambo mawili. La kwanza, watu hugeuza kushoto na kulia kwa urahisi, hasa waliokuwa nyuma ya kaunta, kwa sababu wao walikitazama chumba kutoka upande wa pili. Waulize jua la asubuhi liliingilia dirisha lipi, kisha ulinganishe na ramani. La pili, huenda ukarabati ulifanyika na wote wawili wakawa wakweli. Usifute mchoro. Sahihisha kwa penseli ya rangi nyingine na uandike nani kasahihisha.

Mikutano ya kundi ina raha yake, vicheko haviishi, lakini kwa rekodi ni hatari. Mwenye sauti kubwa akisema bango lilikuwa jekundu, wiki mbili baadaye wote watakuwa wanakumbuka jekundu. Hojini mmoja mmoja kwanza, kundi lije mwisho.

Tarehe hazipatikani kwa kuulizwa moja kwa moja. Zitundike kwenye maisha: ulikuwa umeshaanza kazi? Mtoto wa kwanza alikuwa anatambaa au anatembea? Msimulizi huwa na tabia ya kuvuta karibu mambo ya zamani, kwa hiyo "kama miaka 20 hivi" mara nyingi ni zaidi ya 20. Halafu kuna jambo ambalo watafiti wa kumbukumbu wamelithibitisha mara nyingi: mtu mzima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya umri wa takriban miaka 10 hadi 30. Mwenye miaka 75 leo atakuwa tajiri wa habari za miaka 65 hadi 45 iliyopita, na fukara zaidi wa habari za miaka ya katikati iliyofuata. Mkahawa ulioishi miaka 60 hauwezi kusimuliwa na rika moja. Wala na wateja peke yao. Mteja anajua upande mmoja tu wa kaunta. Mwosha vyombo anajua chakula kipi kilirudi sahanini. Aliyeleta unga, maziwa au barafu anajua biashara ilianza kuyumba lini, kwa sababu maagizo yalipungua kabla wateja hawajaona lolote.

Kuhusu sauti, nitapita haraka. Rekodi kwa faili la WAV, kilohezi 48, biti 24. Kwa chaneli moja, saa moja hula takriban nusu gigabaiti. Kinasa au maikrofoni ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Friji na feni ndio maadui wakubwa kwa sababu sikio lako limeshazizoea, maikrofoni haijazizoea. Zima friji, na uweke funguo zako ndani yake. Hutaondoka ukaiacha imezimwa. Ridhaa ichukuliwe kabla, ikieleza nani atasikiliza na nini kitachapishwa. Mikahawa ina madeni, magomvi ya urithi na mapenzi ya siri, na wahusika wengine wangali hai. Na jiandaeni kwa unukuzi: saa moja ya maongezi hula saa nne hadi sita za kuandika, zaidi watu wakiongea kwa pamoja.

Sasa picha, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa.

Picha ya ndani ya mkahawa imejaa vitu vyenye mwaka wa kuzaliwa. Taa ya neoni haiwezi kuwa ya kabla ya 1910, mwaka ambao Mfaransa Georges Claude alizionesha taa hizo Paris. Mashine ya kahawa yenye mikono mirefu ya kuvuta chini ni ya baada ya kampuni ya Gaggia kuanza kuziuza mwaka 1948. Ukiiona mashine ya kahawa ya Faema E61, ambayo pampu yake huendeshwa kwa umeme badala ya mkono wa mhudumu, uko mwaka 1961 au baadaye. Chupa au pakiti yenye msimbopau, ile mistari inayosomwa na mashine ya dukani: mistari hiyo ilisomwa dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, huko Ohio, Marekani. Kiti cha plastiki cha kipande kimoja, kile ambacho kila mmoja wetu ameshakikalia, kilianza kuenea tangu miaka ya 1970.

Lakini sikilizeni vizuri. Kitu huthibitisha neno moja tu: "si kabla ya". Hakisemi picha ilipigwa mwaka huo. Mikahawa hukaa na fanicha mpaka ivunjike, halafu huipiga misumari ikaendelea. Kiti cha mbao iliyopindwa kwa mvuke, namba 14 cha Thonet, kilitoka mwaka 1859 na mpaka leo kinatengenezwa. Ukikitumia kutafuta tarehe umepoteza mchana wako. Tafuta kitu kipya kuliko vyote ndani ya fremu, hicho ndicho kinachoweka mpaka wa chini. Mpaka wa juu hutoka nje ya dirisha: jengo lililobomolewa baadaye, mti uliokatwa, nguzo isiyokuwepo tena. Kama kuna namba ya simu kwenye bango, hesabu tarakimu. Mitambo ya simu ilipopanuliwa namba zilirefushwa, na kitabu cha simu cha zamani kitakuonesha lini.

Negativi nayo ina ushahidi wake. Filamu ya aina ya 126 ilitoka na kamera za Instamatic mwaka 1963: fremu ni za mraba, na kila fremu ina tundu moja pembeni. Watu huona picha ya mraba wakasema "hii ni Instamatic", wakati kamera nyingine za zamani zaidi nazo zilitoa picha za mraba. Angalia negativi, usiangalie umbo la picha peke yake. Na kabla ya kuandika kwamba kaunta ilikuwa kushoto, soma herufi za bango au namba za saa ya ukutani, maana negativi iliyosafishwa ikiwa imepinduliwa hukupa mkahawa mzima kinyumenyume. Tazama hata vifungo vya shati la mhudumu: vikiwa upande usio wa kawaida, huenda picha imepinduliwa.

Vitabu vya anwani vya miji, leseni na daftari za kodi za majengo ni vya kuaminika kuliko kumbukumbu, ila navyo vina hila zake. Kitabu kilichoandikwa 1965 jaladani kwa kawaida kilikusanywa 1964. Mkahawa uliofunguliwa na kufungwa kati ya matoleo mawili hauonekani popote, na uliokufa unaweza kubaki ndani kwa toleo moja zaidi kama mfu ambaye hajafutwa kwenye daftari la wapiga kura. Tafuta kwa kila jina la aina ya biashara: mkahawa, mgahawa, hoteli, duka la chai, baa. Sisi wenyewe Waswahili tunaita "hoteli" mahali pasipo na kitanda hata kimoja, na karani wa leseni huenda alifanya vivyo hivyo. Miji iliyochorwa ramani za bima ya moto ina bahati. Kampuni ya Sanborn ilianza kuzichora Marekani mwaka 1867, na Goad ilianza Kanada mwaka 1875 kisha ikaingia Uingereza. Rangi ya waridi ni matofali, njano ni mbao, na matumizi ya jengo mara nyingi yameandikwa. Wenye bima walihofia majiko, sisi tunafaidi hofu yao.

Menyu ndiyo karatasi inayopendwa kuliko zote. Maktaba ya Umma ya New York ina menyu zipatazo 45,000, na zaidi ya 25,000 kati ya hizo zilikusanywa na mwanamke mmoja, Frank E. Buttolph (ndiyo, Frank), aliyeianza kazi hiyo mwaka 1900. Mwaka 2011 maktaba iliwaomba watu wa kawaida wasaidie kuzinakili kwa njia ya intaneti, sahani baada ya sahani. Funzo la kiufundi ni kwamba menyu ikishanakiliwa kwa maandishi, unaweza kutafuta chakula kimoja katika mikahawa yote kwa mara moja. Ikibaki picha tu, ni pambo. Hata hivyo menyu huonesha mkahawa ulichotaka kuuza. Muulize mhudumu nini kilikuwa kimeisha ifikapo saa nane mchana, na nini kilikuwa kinaandikwa kila siku lakini hakikupikwa kamwe. Ukikuta bei imebandikwa juu ya bei, usibandue. Ishike menyu mbele ya mwanga, piga picha, halafu piga nyingine kwa tochi iliyolazwa kutoka pembeni. Kingo za kila tabaka zitaonekana.

Maadui wa karatasi hizi ni wa kawaida sana. Risiti za joto, zile za mashine zisizo na wino, hufifia zenyewe, na mfuko laini wa plastiki ya PVC huziharakisha. Ziskani siku unayozipata. Mifuko iwe ya polyester au polypropylene. Laminesheni haiondoleki, kwa hiyo usiilaminishe menyu hata kama inaanza kuchanika. Viberiti vya karatasi vyenye jina la mkahawa ni hazina, lakini ni moto uliolala kabatini: toa njiti, toa pini ya chuma isije ikaota kutu, hifadhi jalada peke yake. Albamu zenye kurasa za gundi hushika picha kama ulimbo. Pitisha uzi wa meno usio na nta chini ya picha, taratibu, kama msumeno. Ikikataa, iskani ikiwa hapo hapo. Picha ya sentimita 10 kwa 15 iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, utapata takriban pikseli 2,400 kwa 3,500, mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ndiko yaliko maandishi. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae jengo jingine.

Naona wengine mnasubiri habari ya mapishi.

Mpishi wa zamani akiwa hai, usimwombe akuandikie. Atakuandikia "chumvi kiasi". Mwombe apike, na uweke mizani katikati ya mkono wake na sufuria. Kila anachochota kwa kiganja kipime mara tatu, uchukue wastani. Kikombe chake cha kupimia kijaze maji na ukipime: gramu moja ya maji ni mililita moja, na hapo utajua "kikombe" chake ni mililita ngapi hasa.

Ugumu unakuja kwenye kupunguza. Mapishi ya watu 80 hayawi ya watu 8 kwa kugawa kwa kumi, na sababu kubwa ni mvuke. Chukua sufuria ya jikoni kwao yenye kipenyo cha sentimita 40 na lita 20 za mchuzi: uso wake ni sentimita za mraba 1,257, yaani kama 63 kwa kila lita. Sufuria ya nyumbani yenye kipenyo cha sentimita 20 na lita 2 ina uso wa 314, yaani 157 kwa kila lita. Kila lita yako imeachwa wazi mara mbili na nusu zaidi. Ukichemsha kwa saa zile zile alizotumia mpishi, utapata mchuzi mzito, wenye chumvi kali, na utamlaumu marehemu. Chumvi ilikuwa sawa, maji ndiyo yaliyokimbia. Pima uzito wa sufuria mwanzo na mwisho, na urudishe maji mpaka upungufu ulingane na wake kwa asilimia. Funika nusu ukipenda.

Mambo mengine matatu huwapoteza watu. Moto wa jiko la biashara ni mkali kuliko wa nyumbani, kwa hiyo kaanga kidogo kidogo, chombo kisijae. Mafuta mapya kabisa hutoa kitu kilichopauka. Ya mkahawa yalikuwa yameshapita mikono miwili mitatu, ndiyo maana rangi ilikolea. Na supu ya mifupa mara nyingi ilianzishwa kwa masalio ya jana. Hilo la mwisho liigeni kwa kugandisha kiasi na kukianzishia chungu kinachofuata. Msiache sufuria mezani usiku kucha kwa kutafuta uhalisi.

Na ubishi ukizuka kama kiungo fulani kilikuwemo au la, msipige kura. Pika aina mbili, mpe kila mwonjaji vikombe vitatu, viwili vikiwa sawa, atafute kilicho tofauti. Kwa kubahatisha atapatia mara moja katika tatu. Waonjaji sita, watano wakapatia: tofauti ipo kweli, endeleeni kutafuta. Wawili wakapatia: kiungo hicho hakina maana ya kugombania, nendeni kwenye jambo jingine.

Mwisho, ile ambayo bado iko wazi. Ombeni ruhusa, nendeni saa ya wateja wachache. Picha moja kutoka kila kona ya chumba, moja ya bango, moja ya jikoni wakikubali, menyu yote kurasa zote, na vipimo vya chumba kwa futi ya fundi. Rekodini dakika tano za sauti ya saa ya chakula bila mtu kuhojiwa: vijiko, oda zikiitwa jikoni, viti vikiburutwa. Sauti hiyo hakuna anayeihifadhi, na ndiyo ya kwanza kupotea.

Karatasi za A3 na penseli ziko kwenye meza ya nyuma pale, penseli za rangi ziko kando yake. Andika jina la mkahawa juu, na mwaka kama unao. Kisha anza na mlango.